Alama ya Dell inaonekana, kisha giza: nirudi kwa mdogo wangu au nimsikilize fundi wa Kariakoo?

BARUA

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Wapiga picha wananiletea kadi za kamera, mimi natoa filamu nzima pamoja na vile vipande vifupi vya kurusha WhatsApp. Siku hizi wateja wameanza kutaka jambo jingine: vipande vya asubuhi, vya saluni na vya kanisani vioneshwe ukumbini usiku ule ule, watu wakiwa bado wanakula. Kazi hiyo inalipa, na ndiyo iliyonifanya nitamani mashine yenye nguvu zaidi.

Laptopu yangu ni Dell Precision M6700, ile kubwa ya inchi 17. Niliinunua ikiwa imeshatumika, ikiwa na kadi ya grafiki ya Quadro K3000M. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anatengeneza simu na kompyuta kwenye chumba cha mbele nyumbani kwao. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mashine hii kadi yake haikuchomelewa kwenye ubao, inachomoka, na kwamba akinifungia K5000M nitaona tofauti. Nikampa laki tatu na nusu, akaiagiza. Ufundi hakunitoza. Tulikubaliana kadi ya zamani ibaki kwake aiuze, hiyo ndiyo iwe malipo yake.

Kadi ilipofika akaifunga, na taabu zikaanzia hapo. Nikiwasha, alama ya Dell inatokea, vidoti vya Windows vinazunguka, halafu kioo kinakuwa giza totoro. Mashine haijazima, maana nikichomeka flashi naisikia inalia. Nikiiunganisha na TV ya sebuleni kwa HDMI kila kitu kipo, nafanya kazi kama kawaida. Mdogo wangu akasema, "Dada, kadi si unaiona inafanya kazi? Hicho kioo kilikuwa kinaelekea kufa, sasa kimekufa."

Nikavumilia na TV, watoto wakakosa katuni zao. Baadaye likaja la pili. Nikiwa natoa video ndefu, feni zinavuma kama zinataka kuruka, kwenye TV vinatokea vidoti vya kijani na mistari, na kuna usiku ilijizima yenyewe kazi ikiwa katikati. Nikutajie pia kwamba chaja yangu iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, kwa hiyo natumia ya kuazima iliyoandikwa 180W. Ni ya Dell vilevile, inaingia vizuri na inachaji.

Mume wangu akaenda nayo Dar, akampelekea fundi mmoja wa Kariakoo. Yule fundi akaifungua, akamwonyesha kibandiko cha HP kwenye kadi, akamwambia, "Huyo shemeji yako amewapiga. Hii ni kadi ya HP, haiwezi kukaa kwenye Dell." Akaongeza kwamba kioo nacho kimekufa, anacho kingine, laki mbili na nusu pamoja na kufunga.

Mume wangu amerudi amekasirika. Anataka tuiuze mashine kama ilivyo, tuongeze fedha zangu za kikoba, tununue mpya. Mama amesikia, kanipigia kuniambia nisimchafulie mtoto jina ndiyo kwanza anaanza kupata wateja pale mtaani. Mdogo wangu mwenyewe siku hizi simu zangu anazipokea kwa kuchelewa. Mimi natamani kumwomba ile kadi ya zamani nirudi nilikotoka, lakini nikiiomba nitakuwa nimemwita mwizi kwa njia ya mzunguko, na nitakuwa nimevunja makubaliano.

Nina harusi mwisho wa mwezi na malipo ya awali nimeshapokea. TV ya sebuleni siwezi kuibeba ukumbini. Mzee wangu, huyu mtoto amenidanganya? Nianzie wapi?

Mhariri wa harusi, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa yote, pamoja na hao watoto walionyang'anywa katuni.

Nimeisoma barua yako nikaona umezungukwa na watu wenye hukumu tayari. Mdogo wako amehukumu kioo. Fundi wa Kariakoo amehukumu kadi, kioo na mdogo wako, vyote kwa mpigo. Mumeo ameihukumu mashine nzima. Mama ametoa hukumu kwamba mtoto asiguswe. Wewe uliye katikati ndiye pekee uliyeangalia kinachotokea kwa macho yako, ukaandika sentensi moja yenye thamani kuliko maneno ya wote hao, kisha ukaipita haraka: alama ya Dell inatokea, vidoti vinazunguka, halafu giza.

Hebu turudi hapo. Ili alama ile ionekane, kioo lazima kiwe hai, taa zake za nyuma ziwe zinawaka, na waya unaopita kwenye bawaba uwe unapitisha picha. Wakati huo kadi inaendeshwa na programu ndogo iliyomo ndani yake yenyewe, BIOS ya kadi. Windows ikishaamka, draiva ya grafiki, yaani programu ya Windows inayoiongoza kadi, inapokea usukani. Kwako giza linaingia pale pale usukani unapobadilisha mikono. Kioo kilichokufa hakichagui muda. Sisemi haiwezekani kabisa kioo kuwa na kasoro, kwa sababu kipo kioo kinachozima kikishapata moto, na upo waya uliolegezwa wakati wa kufungua, ambao ungeujua kwa picha kucheza unapokunja na kukunjua kifuniko. Lakini kabla hujatoa laki mbili na nusu, anayekuuzia kioo akueleze hicho anachokiita maiti kinaoneshaje alama ya Dell kila asubuhi.

Yapo majaribio yasiyo na gharama ambayo unaweza kuyafanya mwenyewe pale sebuleni. Mashine ikiwa imezimwa, shikilia herufi D kisha bonyeza kitufe cha kuwasha, huku bado umeishikilia D. Dell nyingi hapo hujaza kioo rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bila kuishirikisha Windows. Rangi zikipita safi, kioo kimejitetea chenyewe. Kisha acha Windows iamke hadi giza liingie, zima taa za chumba, umulike kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni, karibu kabisa. Ukiona kivuli cha dirisha la kuingilia, picha ipo na kilichozimwa ni mwanga wa nyuma. Usipoona kitu, picha inapelekwa kwingine. Huenda Windows imeshaamini TV ndiyo skrini pekee, hasa kwa mtu aliyefanya kazi na TV kwa muda kama wewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uangalie kwenye TV kama umechaguliwa upande wa skrini ya pili tu. Ningefurahi sana kama tatizo lingekuwa hilo, ingawa kwa unavyoeleza sidhani.

La mwisho, iwashe kwa hali salama (Safe Mode), ile Windows inayoamka bila draiva ya NVIDIA, kampuni iliyotengeneza chipu ya kadi yako. Kioo kikibaki na mwanga humo, hata kama picha ni kubwa kubwa na mbaya, basi tumeshajua anayezima taa ni nani. Ni draiva, au ni namna draiva na BIOS ya kadi zinavyoelewana.

Sasa kibandiko cha HP, maana hicho ndicho kimewasha moto nyumbani. Fundi amesema kweli katika jambo moja na amelivuta mbali kuliko linavyofika. K5000M ni kadi ya umbo la MXM, umbo ambalo watengenezaji wengi walilitumia katika mashine zao kubwa. Mwaka 2012 Dell waliiuza ndani ya M6700 kama yako, na HP wakaiuza ndani ya EliteBook 8770w. Chipu ni ile ile ya NVIDIA. Kinachotofautiana ni BIOS iliyoandikwa ndani, inayotaja aina ya kioo, jinsi ya kukiongezea na kukipunguzia mwanga, pengine hata namna ya kuzungumza na feni. Kwa hiyo kadi ya HP kukaa kwenye Dell inawezekana, na kusumbua mwanga wa kioo inawezekana vilevile. Hiyo si kadi bandia. Kadi bandia ingekuwa ile iliyoandikwa K5000M halafu ndani mna kitu dhaifu zaidi.

Na hilo unaweza kulithibitisha bila kushika bisibisi. Kwenye TV fungua Device Manager, ibonyeze kadi chini ya Display adapters, nenda Details, uchague Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza PCI, wenye VEN_10DE, ndiyo NVIDIA. Baada yake DEV, na hapo K5000M husomeka 11BC. Ukikuta 11BE, hiyo ni K3000M na una haki ya kupandisha sauti. Mbele kidogo kuna SUBSYS yenye herufi na tarakimu nane. Nne za mwisho zikiwa 1028 ni Dell, zikiwa 103C ni HP. Ukikuta 11BC na 103C, mdogo wako amekuletea kadi uliyoilipia, iliyotoka kwenye mashine ya kampuni nyingine.

Je, alijua? Alikuambia? Ungeikubali kwa bei ile kama angekuambia? Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza, na unaona yalivyo mbali na neno "amewapiga". Kijana anayeagiza kadi iliyotumika kutoka nje huona picha na jina la kadi. Wengi wao hawajawahi kupambana na hizo herufi nne. Inawezekana pia alizijua akanyamaza. Mimi sijui, na fundi wa Kariakoo, aliyeiona mashine kwa muda mfupi akiwa na kioo cha kuuza rafuni, naye hana namna ya kujua kilichokuwa moyoni mwa mtu wa Morogoro.

Kabla sijaendelea na udugu, kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko giza. Vidoti vya kijani, mistari, kujizima. Wewe umeyaandika kama muendelezo wa ugonjwa ule ule. Mimi nauona ugonjwa wa pili, na huu ndio unaoweza kuua kadi. Giza la kioo linaweza kusubiri hata miezi.

K3000M imepangiwa kula wati 75. K5000M ni wati 100. Hizo 25 za ziada zinatoka kwenye chaja na zinageuka joto. Dell waliifungashia M6700 chaja ya wati 240, na wewe unaiendesha kwa 180. Kuingia na kuchaji si kipimo. Ukiwa unaandika barua itatosha, ila ukiwa unatoa filamu ya saa mbili, prosesa na kadi vikivuta kwa pamoja, mashine inalazimika kujipunguza kasi au kuzima. Halafu joto lenyewe. Kadi inapobadilishwa, pesti ya kupitisha joto iliyokauka inafutwa na kupakwa mpya, na vile vipande laini vinavyogusisha chipu za kumbukumbu na kipozajoto vinatakiwa viwe na unene sahihi. Kikizidi unene, kipozajoto kinainuka na chipu kubwa inabaki haigusi vizuri. Kikipungua, kumbukumbu zinaungua peke yake huku kipimo cha joto cha kadi kikikuonesha namba za kuridhisha. Muulize mdogo wako kwa upole alitumia vipande gani, au alivirudisha vile vya zamani vilivyochanika. Hapo ndipo mafundi wengi wazuri huteleza, kwa sababu mashine huwaka vizuri mezani na lawama huja baadaye.

Mpaka hapo patakapoangaliwa, acha kutoa video ndefu kwa mashine hiyo. Ukiwasha asubuhi ikiwa baridi na vidoti vipo tangu kwenye alama ya Dell, kumbukumbu za kadi huenda zimeshaumia. Vikija tu ikiwa na moto, bado kuna matumaini makubwa. Na akitokea mtu kukuambia kadi ichomwe kwa hita au iwekwe kwenye oveni ili ifufuke, mkatalie. Zinazofufuka hivyo hurudi kaburini baada ya muda mfupi.

Turudi kwenye giza, maana njia ziko kadhaa na kila moja ina hatari zake. Nyepesi ni kuondoa draiva zote za grafiki ukiwa kwenye hali salama, kwa programu iitwayo DDU, huku intaneti imezimwa ili Windows isikimbilie kuweka ya kwake, halafu kuweka draiva ya zamani inayoitaja K5000M kwenye orodha yake. Usiweke ya leo. K5000M ni ya ukoo wa Kepler, na draiva mpya za NVIDIA hazitambui tena ukoo huo. Draiva ya tovuti ya Dell nayo inaweza kukukatalia kwa sababu ya 103C. Mafundi hulipita hilo kwa kuhariri faili la INF, lile linaloorodhesha kadi ambazo draiva inazikubali, jambo linalokulazimisha kuzima ukaguzi wa saini za draiva. Linafanyika. Ila kwenye mashine yenye kazi za wateja na nywila za benki, ningetaka kujua nani kalihariri.

Njia nyingine ni BIOS ya mashine yenyewe, kwa F2 wakati wa kuwasha. Sehemu ya Video ina kisanduku cha Optimus. Kikiwa kimezimwa, kioo kinapokea picha moja kwa moja kutoka NVIDIA. Kikiwashwa, kioo kinahudumiwa na grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na NVIDIA inafanya kazi nzito nyuma ya pazia. Kwa tatizo linalofanana na lako hiyo inaweza kurudisha mwanga, kwa sababu anayeshika taa anakuwa Intel. Andika kwenye karatasi kilivyokuwa kabla hujagusa. Kama kioo chako ni kile cha rangi za hali ya juu cha biti 10 au cha 3D, njia hii haitakusaidia, kwani hivyo haviendi na Optimus.

Kuna watakaokushauri kuandika BIOS ya Dell juu ya ile ya HP ndani ya kadi. Wapo waliofanikiwa. Wapo pia waliobaki na kadi isiyowaka kabisa, kwa sababu kumbukumbu za kadi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa za watengenezaji tofauti. Asiyehifadhi nakala ya BIOS ya kwanza kabla ya kuanza, usimkabidhi mashine.

Na ipo kadi ya zamani. Umesema kuiomba ni kumwita mwizi. Nakuuliza, mwanangu: ni yeye aliyekuambia hivyo, au ni wewe uliyeisikia hivyo baada ya mumeo kurudi na maneno ya Kariakoo? Kuna tofauti kati ya "nirudishie kadi yangu" na "niazime ile kadi tupimie". Fundi anayepima hurudisha kilichokuwa kinafanya kazi ili aone kama tatizo linaondoka. Hilo halimvunjii mtu heshima, ni desturi ya meza ya ufundi. K3000M ikirudi na kioo kikawaka, tumejua ni kadi au draiva. Kikibaki giza, mdogo wako alikuwa sahihi kuhusu kioo au waya, na itabidi mumeo amwombe radhi shemeji yake. Jaribio hilo linaweza kumtetea yeye kama linavyoweza kukutetea wewe, na ukimweleza hivyo huenda simu zikaanza kupokelewa mapema. Tena nenda mwenyewe, si kwa simu, na bila mumeo kwa mara ya kwanza. Mkute kwenye chumba chake asubuhi wateja hawajafika, umpe hizo herufi za Hardware Ids, umwambie umeona nini, umwachie nafasi aeleze. Mtu akishutumiwa mbele ya wateja wake hutetea jina, hasikilizi tena habari za draiva.

Hatari ya njia hii ipo. Anaweza kuwa ameshaiuza, na hapo hana kosa, mlikubaliana. Anaweza pia kukasirika hata ukiongea kwa asali. Akikataa kabisa kuangalia kazi yake mwenyewe, hilo nalo utakuwa umelijua kwa kumwona, badala ya kuambiwa na mtu wa mbali. Halafu mama. Anayelinda jina la mtoto hajakosea, ila sidhani amefikiria kwamba jina lake litachafuka zaidi mtaani mashine ya dada yake ikiwa hailetwi tena kwake.

Mumeo usimpuuze. Anasema mashine iuzwe, na ingawa hasira ndiyo iliyosema, chini yake kuna hoja. K5000M ina viini 1344 na kumbukumbu ya GB 4, dhidi ya viini 576 na GB 2 vya ile ya kwanza. Hilo ni ongezeko la kweli. Lakini zote mbili ni Kepler. CUDA ni mfumo wa NVIDIA unaoziwezesha programu kuipa kadi kazi za hesabu, na tangu CUDA 11 mwaka 2020 waliiacha nje aina hii ya Kepler, kwa hiyo programu mpya za kuhariri zinazotegemea CUDA zinaweza kukataa kadi zote mbili sawa. Windows 10 nayo iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mashine yako haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata shilingi kwenye M6700, jiulize ilikuwa inachelewa wapi. Fungua Task Manager wakati wa kutoa video uone kinachofika asilimia mia. Ikiwa ni diski au RAM, hata K5000M nzima isingekupa ulichokuwa unakitafuta.

Ila kuiuza "kama ilivyo" kuna maana mbili. Ukimwambia mnunuzi kuhusu giza, vidoti na kadi ya HP, ni biashara halali na bei itashuka. Usipomwambia, atakayekuja kugonga mlango wenu atakuwa na maneno yale yale ambayo mumeo alimtolea mdogo wako. Na fedha za kikoba si zako peke yako kwa maana ya masharti yake. Angalia kwanza kama kuzitoa sasa kunakukatia mkopo uliokuwa unaungojea.

Kuhusu harusi ya mwisho wa mwezi. Skrini ya nje si lazima iwe TV. Monita ndogo iliyotumika, ya inchi 19, inakaa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Ukumbi mwingi una projekta au skrini yake. Waulize wenye ukumbi kama ina HDMI, nenda ukaijaribu siku moja kabla, na usitegemee kutoa video ndefu pale pale. Tafuta chaja ya wati 240 ya kuazima kama huwezi kuinunua sasa. Ukiona hata hivyo hujiamini, mwambie mteja mapema kwamba vipande vya usiku vitakuwa vifupi, au umkodi mwenzako mwenye mashine nzima kwa usiku ule mmoja. Itakupunguzia faida, sifichi.

Na kabla ya mtu yeyote, awe mdogo wako au wa Kariakoo, hajagusa skrubu tena, hamishia kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, uichomoe na kuiweka kabatini. Kisha niandikie umeona nini kwa tochi, na hizo herufi nne za mwisho zimesomekaje. Kama mdogo wako atakubali, aandike na yeye kwa upande wake. Ningependa kusikia alivyopanga vile vipande vya kupitisha joto.